Ghali kuliko nini? Mwongozo wa kuwafundisha wahudumu wa afya tathmini ya kiuchumi ya dawa

Kikao cha Kamati ya Dawa na Tiba kimefika ajenda ya nne. Daktari wa watoto anaomba dawa fulani iingizwe kwenye orodha ya hospitali. Mfamasia anafungua bei za Bohari ya Dawa, anakunja uso, anasema, "Hii ni ghali." Mhasibu anatikisa kichwa kukubali. Ajenda inaahirishwa hadi kikao kijacho, na kijacho hakina akidi. Nimekaa kwenye vikao vya namna hii kwa miaka, na mara nyingi aliyekunja uso nilikuwa mimi. Hakuna aliyeuliza: ghali kuliko nini?

Tathmini ya kiuchumi ya dawa inaanzia kwenye swali hilo. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuwafundisha wenzake kazini kulijibu, kwa siku tatu, kwenye chumba cha mikutano cha hospitali yenyewe, bila mtaalamu wa kutoka mbali. Siku mbili za mwanzo hazihitaji hata kompyuta.

Haja ipo. Australia ilianza kudai ushahidi wa gharama na faida kabla ya kuiingiza dawa mpya kwenye orodha ya ruzuku mwaka 1993. Uingereza iliunda NICE mwaka 1999, Thailand ikaunda HITAP mwaka 2007, zote taasisi za kupima kama tiba inastahili gharama yake. Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na jirani zetu Kenya walihamia SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, Oktoba 2024. Kila bima ina kitita chake cha mafao, na kila kitita ni orodha ya vilivyoingia na vilivyoachwa. Watu wa wodini wataulizwa kwa nini hiki kimeingia na kile hapana. Ni vyema wawe na jibu zaidi ya "ndivyo tulivyoletewa".

Hatua ya 1: Tafuta uamuzi, ndipo utafute washiriki

Semina nyingi huanza na fasili. Saa nzima ya kwanza inakwenda kwenye aina nne za tathmini, na ikifika chai ya saa nne nusu ya watu wako kwenye simu. Anza na uamuzi mmoja ambao kamati ilishindwa kuufanya, au iliufanya kwa kubahatisha.

Kama hakuna uamuzi wa karibu, au uliopo una ugomvi ndani yake, tumia wa zamani. Mimi hutumia kwinini na sindano ya artesuneti kwa mtoto mwenye malaria kali. Sababu zangu ni tatu. Kwanza, ushahidi wake ni wa kwetu: utafiti wa AQUAMAT uliochapishwa mwaka 2010 ulihusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, na baadhi yao walilazwa Muheza na Korogwe, wengine Kilifi, Mbarara, Kigali na Kinshasa. Pili, jibu linajulikana, maana Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesuneti kwa watoto wa Afrika mwaka 2011, kwa hiyo mwanafunzi ana pa kuipimia hesabu yake. Tatu, muuguzi yeyote aliyekaa kazini miaka ya kutosha amewahi kusimama kando ya kitanda usiku akihesabu matone ya kwinini. Huyo huhitaji kumweleza gharama ni nini. Mpe nafasi akueleze wewe.

Hatua ya 2: Nani aingie chumbani

Watu 12 hadi 15, wasizidi. Waite madaktari wawili au watatu, wafamasia, mteknolojia dawa, na muuguzi mkuu wa wodi. Kisha waongeze wawili ambao kwa kawaida husahaulika: mhasibu na mtunza stoo. Bila mhasibu hutapata gharama ya chochote ila dawa. Bila mtunza stoo hutajua kwamba vichupa 40 viliisha muda wake mwezi wa sita. Na hakikisha yupo muuguzi anayeshika zamu ya usiku. Wa mchana peke yake atakupa dakika nzuri mno.

Posho usiiache iongoze orodha. Mwenye kuja kwa ajili ya posho utamtambua siku ya pili mchana.

Hatua ya 3: Kazi ya nyumbani, wiki moja kabla

Kila mshiriki aje na namba moja aliyoitafuta mwenyewe. Gawa hivi: mfamasia alete ankara mbili za dawa ileile, moja ya Bohari ya Dawa na nyingine ya mshitiri (muuzaji binafsi mwenye mkataba), siku Bohari ilipokuwa haina. Bei zitatofautiana, na tofauti hiyo itakuwa somo la asubuhi. Mtunza stoo alete leja na kadi za stoo za miezi mitatu. Mhasibu alete mshahara ghafi wa mwezi wa muuguzi wa ngazi ya kati (bila jina la mtu). Wauguzi wawili wasimame wodini na saa mkononi, wapime dakika: kuandaa dripu, kuifunga, kuirudia, kuiangalia, kupima sukari, kuandika kwenye faili.

Hili la kupima dakika watu hulidharau. Wanaandika "dakika 5" wakiwa wamekaa. Wakipimwa kweli inakuwa 14, kwa sababu kanula imeziba, mama wa kitanda cha pili ameita, na mkasi hauonekani. Namba ya kukisia irudishe.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza asubuhi, andika swali

Kwenye bango kitita andikeni swali moja kwa pamoja, na msiende mbele mpaka limebeba vitu vinne: mgonjwa ni nani, dawa ni ipi, inalinganishwa na nini, na tunapima matokeo gani. Kisha ongeza mawili: kwa jicho la nani, na kwa muda gani.

"Inalinganishwa na nini" ndipo pa kukaa. Mlinganisho halali ni kile mnachokifanya leo. Kama leo mnatumia kwinini, dawa mpya ilinganishwe na kwinini. Nimewahi kuletewa kipeperushi na mwakilishi wa kampuni ya dawa, karatasi nzuri yenye kung'aa, kikionyesha dawa yake inavyookoa pesa. Chini kabisa, kwa herufi za kutafuta na miwani, ilikuwa imelinganishwa na kutotibu kabisa. Ukilinganisha na kutotibu, karibu kila dawa ni shujaa.

"Kwa jicho la nani" lina mtego wake. Kwa jicho la hospitali, gharama ni dawa, vifaa na watu. Kwa jicho la familia, ni nauli ya bodaboda, chakula cha mama ntilie siku tano, na shamba lililobaki bila palizi. Chagueni moja, mliandike juu ya karatasi, na mlishike mpaka mwisho. Kuhama katikati ndilo kosa ninaloliona zaidi: gharama zinahesabiwa kwa jicho la hospitali, halafu faida inaongezewa nauli aliyookoa mama.

Hatua ya 5: Gharama, kwa mkono na kalamu

Hapa tumia nusu siku nzima. Mtoto wetu wa mfano ana kilo 15. Bei ninazoweka hapa ni za zoezi tu. Ninyi wekeni za ankara zenu. Na dozi hizi ni za kufanyia hesabu. Wodini fuateni mwongozo wa taifa wa matibabu.

Kwinini: dozi ya kwanza miligramu 20 kwa kilo, yaani 300, kisha 10 kwa kilo, yaani 150, kila baada ya saa 8. Kila dozi inaingia kwa dripu ya dekstrozi taratibu, kama saa nne. Ampuli ina miligramu 600. Waulize: tunahesabu miligramu 150 zilizoingia kwa mtoto, au ampuli nzima iliyovunjwa? Watabishana. Waache wabishane mpaka mtunza stoo aseme kilicho wazi: mimi naandika ampuli moja imetoka. Kilichofunguliwa ndicho kilichotumika, hata kama robo tatu yake imemwagwa.

Artesuneti: kwa mtoto wa chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo, yaani 45, kutoka kwenye kichupa cha 60. Anachomwa anapofika, baada ya saa 12, na ya saa 24. Hakuna dripu ya saa nne. Akiweza kumeza, anahamia kwenye dawa mseto.

Sasa thamani ya dakika ya muuguzi. Tuseme mshahara ghafi ni shilingi 1,056,000 kwa mwezi. Gawa kwa siku 22 za kazi, gawa kwa saa 8, gawa kwa dakika 60. Inatoka shilingi 100 kwa dakika. Chumba huwa kinanyamaza kidogo hapa.

Kwinini, saa 24 za mwanzo:
- ampuli 3 kwa 1,000: 3,000
- chupa 3 za dekstrozi kwa 1,500: 4,500
- seti ya dripu: 800
- kanula: 700
- stripu 6 za sukari kwa 700: 4,200
- dakika 105 za muuguzi: 10,500
Jumla: 23,700

Artesuneti, saa 24 za mwanzo:
- vichupa 3 kwa 6,000: 18,000
- mabomba 6 ya sindano kwa 150: 900
- kanula: 700
- stripu 3 za sukari: 2,100
- dakika 30 za muuguzi: 3,000
Jumla: 24,700

Stripu za kwinini ni nyingi kwa sababu kwinini hushusha sukari ya mtoto, na asiyepima hujikuta anatibu degedege lisilo la malaria.

Wape dakika kumi waitazame karatasi bila wewe kusema kitu. Kwenye mstari wa dawa peke yake artesuneti ni mara sita ya kwinini. Kwenye jumla, tofauti ni shilingi 1,000. Ile "ghali" ya mfamasia ilikuwa imesoma mstari mmoja kati ya sita.

Hatua ya 6: Matokeo, na swali ambalo lazima litaulizwa

Anza na matokeo yanayoonekana kwa macho. Katika AQUAMAT, watoto waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Kwa watoto 1,000, ni vifo 109 dhidi ya 85. Watoto 24.

Hapo mtu atainua mkono, mara nyingi muuguzi mzoefu: "Kwa hiyo mtoto ana bei?" Usilikwepe na usilijibu kwa fomula. Mimi humwomba aniambie ni dawa gani iliisha wodini kwake mwezi uliopita. Siku moja jibu lilikuwa oksitosini, dawa ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua. Ndiyo hivyo: shilingi iliyonunua hii haikununua ile, na aliyekosa ile naye ana jina, ila hayupo chumbani tunapopiga kura. Hesabu hii inamkumbusha mnunuzi kwamba yupo. Haipangi bei ya mtu. Atakayebaki na shaka abaki nayo. Nami ninayo kidogo, na sidhani ni vibaya.

Baada ya vifo, pandeni hadi DALY, kipimo kilichotambulishwa duniani na ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1993. Kinajumlisha miaka iliyokatwa na kifo na miaka ya kuishi na ulemavu, ili mtengeneza sera aweze kulinganisha malaria na kiharusi. Ndugu yake QALY anahesabu upande wa pili, miaka ya kuishi kwa afya njema. Tofauti ya kutosha kwa siku ya kwanza ni hii: DALY tunataka ipungue, QALY tunataka iongezeke. Mengine watayasoma wenyewe.

Kisha punguzo la thamani kwa wakati, ile asilimia 3 kwa mwaka inayotumika sana. Usiandike fomula kwanza. Uliza nani yuko kwenye upatu. Karibu wote. Uliza nani anapenda kupokea wa kwanza na nani wa mwisho. Sababu watakazotoa, kwamba bei zinapanda, kwamba mchezo unaweza kuvunjika, kwamba ada ya shule ni Januari, ndizo sababu za wachumi, na pengine wamezieleza vizuri zaidi. Halafu wape namba: kwa asilimia 3, shilingi 100,000 ya miaka kumi ijayo leo ni kama 74,400.

Hatua ya 7: Kutoa mara mbili, kugawa mara moja

Toa gharama kwa gharama. Toa matokeo kwa matokeo. Gawa cha kwanza kwa cha pili. Basi. Hiyo ndiyo gharama ya ziada kwa kila faida ya ziada, na ndiyo namba ambayo semina za ukumbini huizungushia slaidi 40.

Kwa watoto 1,000: gharama ya ziada ni 1,000 mara 1,000, yaani shilingi 1,000,000. Faida ya ziada ni maisha 24. Gawa: kama shilingi 41,667 kwa kila mtoto aliyeokolewa.

Kosa la kutarajia: mtu atagawa 24,700 kwa watoto waliopona na 23,700 kwa waliopona, kisha alinganishe majibu mawili. Huo ni wastani wa kila dawa. Haujibu swali la nini tunaongeza na nini tunapata. Mwite ubaoni airudie mwenyewe.

Ukimaliza, waonyeshe uchambuzi wa gharama wa AQUAMAT wenyewe, uliochapishwa mwaka 2011. Kutibu kwa kwinini kulikuwa wastani wa dola 63.5 kwa mtoto, kwa artesuneti 66.5. Iliyotoka: dola 123 kwa kila kifo kilichozuiwa, na dola 3.8 kwa kila DALY. Zoezi lenu halitafanana nalo kwa tarakimu, kwa sababu wenzetu walihesabu siku zote za kulazwa, kwa bei zao. Lakini sura ni ileile: gharama zinakaribiana, vifo vinatofautiana.

Kabla ya kufunga siku, chora msalaba mkubwa sakafuni kwa chaki. Upande wa kulia dawa mpya ni bora, kushoto ni duni. Juu ni ghali zaidi, chini ni nafuu. Taja dawa, watu waende kusimama kwenye kona wanayoiamini. Kona ya bora na nafuu haina mjadala, chukua. Ya duni na ghali, acha. Ya bora na ghali ndiyo iliyotuleta hapa. Ile ya nne, duni kidogo na nafuu sana, hakuna anayependa kuonekana amesimama pale, ingawa bajeti zetu nyingi zinaishi humo.

Hatua ya 8: Inafaa, lakini je tunaweza?

Siku ya pili asubuhi mhasibu ataharibu furaha. Mwache aiharibu. Atauliza: hizo dakika 75 za muuguzi mlizookoa, ziko akaunti gani?

Ana haki. Mshahara wa muuguzi unalipwa na Serikali, awe amehesabu matone au amekunja shuka. Dakika zilizookolewa ni faida ya kweli, kwa sababu atazitumia kwa mtoto mwingine, ila hazirudi stoo kama pesa ya kununulia vichupa. Kwa hiyo pigeni hesabu ya pili, ya pesa taslimu tu. Ondoeni muuguzi pande zote mbili: kwinini 13,200, artesuneti 21,700. Tofauti 8,500. Kama wodi hulaza watoto 400 wa malaria kali kwa mwaka, fungu la dawa linahitaji nyongeza ya shilingi 3,400,000. Hesabu ya kwanza, yenye muuguzi ndani, ingesema 400,000.

Ipi sahihi? Zote. Moja inajibu kama dawa inastahili, nyingine inajibu kama tutailipia mwaka huu kutoka fungu gani. Ninarudia hapa kila semina, kwa sababu hapa ndipo mapendekezo mazuri yanapokwama: daktari anakuja na hesabu ya kwanza, mhasibu anamjibu kwa ya pili, na kila mmoja anaondoka akiamini mwenzake hajui kuhesabu. Barua kwa kamati ibebe zote mbili, kila moja na jina lake.

Suala la kikomo, yaani kiasi gani kwa DALY moja ni sawa, lipitie haraka. Kanuni ya mara moja hadi tatu ya pato la taifa kwa kila mtu ilitokana na tume ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2001, na baadaye wataalamu wa shirika lenyewe walionya isitumike peke yake kuamua. Kwa miaka mingi Uingereza ilitumia pauni 20,000 hadi 30,000 kwa QALY. Thailand ilitumia baht 160,000. Msichukue kikomo cha mwenye mfuko mnene. Kwa hospitali, kikomo ni kile mtakachokiacha ili hiki kinunuliwe. Kitajeni kwa jina.

Hatua ya 9: Itikise hesabu

Siku ya tatu asubuhi, sasa fungua kompyuta. Excel inatosha, na kama hamna, LibreOffice ni ya bure. Weka namba zote za Hatua ya 5 kwenye visanduku vyake, kisha badilisha moja moja.

Tuseme muuguzi alipima vibaya, kwinini inachukua dakika 60 badala ya 105. Tofauti inapanda hadi 5,500 kwa mtoto, na gharama ya kuokoa maisha inafika kama shilingi 229,167. Imepanda mara tano na nusu. Je, uamuzi umebadilika? Sijapata bado kamati iliyosema ndiyo.

Sasa watafute wao wenyewe: kichupa kikishuka hadi bei gani, dawa hizi zinalingana? Jibu ni kama shilingi 5,667. Mfamasia akishaipata namba hiyo, anayo silaha ya kwenda nayo kwa mshitiri.

Mwisho shikeni ile 24, ambayo wengi huiona kama msahafu. Watafiti walisema artesuneti ilipunguza vifo kwa asilimia 22.5, lakini ukweli ungeweza kuwa popote kati ya 8.1 na 36.9. Kwa watoto 1,000 wetu ni kati ya kama 9 na 40 waliookolewa. Gawa tena: kutoka shilingi 111,000 hivi hadi 25,000 kwa kila mmoja. Mwanafunzi anayeandika masafa haya badala ya namba moja ameelewa somo kuliko aliyekariri majina ya aina za tathmini.

Hatua ya 10: Kusoma kazi za wengine

Ipo orodha ya ukaguzi iitwayo CHEERS, ya mwaka 2013 iliyokuwa na vipengele 24 na iliyosahihishwa mwaka 2022 kuwa na 28. Ni nzuri kwa mwandishi wa utafiti. Kwa mtu wa wodini anayesoma kati ya zamu mbili, mimi huanza na matano: imelinganishwa na nini, kwa jicho la nani, kwa muda gani, bei za nchi gani na mwaka gani, na nani amelipia. Utafiti uliolipiwa na kampuni hautupwi. Unasomwa ukiwa umekaa wima.

Swali la nne ndilo hutuumiza. Siku ya kulazwa Ulaya ni ghali mno, kwa hiyo dawa inayopunguza siku moja ya kulazwa huko inajilipa yenyewe. Hapa haijilipi. Wape makala moja ya kigeni, wafute bei zake kwa penseli, waweke za kwenu, waone jibu linavyogeuka.

Hatua ya 11: Mtihani ni barua

Siku ya tatu mchana hakuna maswali ya kuchagua. Vikundi vitatu, kila kimoja dawa moja iliyoombwa hospitalini kwenu, na kila kikundi kiandike barua ya ukurasa mmoja kwa Kamati ya Dawa na Tiba. Iwe na swali, mlinganisho, gharama zote mbili (ya jumla na ya taslimu), matokeo na masafa yake, nani ataumia dawa ikiingia, na pendekezo. Ukurasa wa pili usisomwe.

Kikundi kisichokubaliana kiandike kutokubaliana kwake. Wakati mmoja kikundi kilipendekeza dawa iliyotoka na hesabu mbaya, kwa sababu wagonjwa wake walikuwa sita tu na hawakuwa na tiba nyingine. Waliandika hivyo wazi. Kamati iliipitisha, na ninadhani ilifanya vizuri.

Weka tarehe ya kurudi kabla hamjaachana: wiki ya kwanza ya mwezi wa tatu, saa mbili, chumba hichohicho. Uje na mihtasari ya vikao vilivyofanyika katikati, na muuguzi wa zamu ya usiku aje na dakika mpya.